Kashata, Mkebe, na Uvimbe Usiouma

(Hotuba ya mwanachama wetu mmoja, mfanyi kazi wa njia ya reli, aliyoitoa katika mkutano wa tawi, Voi, mwezi wa Oktoba. Wengi waliokuwa zamu siku ile wameomba ipigwe chapa, nasi twaitoa kama alivyoisema.)



 Mimi sikuzoea kusimama mbele ya watu. Nilisoma katika shule ya misheni kule milimani Taita mpaka darasa la nane, kisha karo ya kuendelea ikakosekana, na tangu hapo chuo changu kimekuwa njia ya reli. Basi mkisikia neno nimelikosea nisameheni, lakini maana yake msiiache.

Nimeambiwa nieleze sababu ya kashata zinazouzwa mlangoni hapa kila siku ya mshahara. Baadhi ya wanachama wameuliza, na wana haki ya kuuliza: "Chama hiki ni cha kutetea mishahara na masaa ya kazi. Kashata na maradhi ya wanawake yanatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza yanipasa kuwaeleza habari za dada yangu, kwa maana bila yeye mkebe ule usingekuwako.

Mama yetu alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa akipika kashata za njugu usiku, na asubuhi akizipeleka sokoni katika beseni iliyofunikwa kitambaa. Pesa zile ndizo zilizoninunulia madaftari na kaptura ya shule. Nikisema kwamba nilisomeshwa na kashata, sisemi mzaha.

Mwaka wa 2018 dada alikuja kunitazama nyumbani kwangu. Tulipokwisha kula aliwaacha watoto waende nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nina kijiwe hapa upande wa titi, karibu na kwapa. Lakini hakiumi." Aliona haya kuniambia, na mimi niliona haya kusikia. Nikamjibu, "Kama hakiumi, ngoja mwisho wa mwezi nipate mshahara, tutakwenda hospitali pamoja."

Mwisho wa mwezi ulifika, na karo ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Mwezi wa pili upepo uliezua bati. Mwezi wa tatu sikumbuki ni nini. Dada hakunikumbusha hata mara moja, maana hakutaka kunisumbua. Alikwenda peke yake katika zahanati moja, akaambiwa ni maziwa yameganda, akapewa vidonge vya maumivu, na yeye hakuwa na maumivu, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na umri wa miaka tisa! Miezi kumi na minne ilipita. Tulipofika hospitali kubwa titi lilikuwa limefanya kidonda, na daktari alituambia kwamba ugonjwa umekwisha ingia mifupani. Tulimzika mwaka wa 2020. Alikuwa na miaka 43.

Ndugu zangu, ugonjwa ule si mimi niliyeuleta. Lakini ni mimi niliyemwambia angoje. Neno hilo nalichukua kila siku ninapotembea njiani, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Sasa nitasema nanyi kwa lugha ya kazi yetu. Wenzangu wa genge wanajua kwamba kila asubuhi mtu mmoja hutembea juu ya njia, nyundo na spana mikononi, akitazama reli, mataruma, na vyuma vya kuungia. Anatafuta nini? Anatafuta ufa. Na ufa wa reli haupigi kelele. Gari moshi la jana lilipita juu yake salama, na la leo pengine litapita, na abiria ndani wanakunywa chai. Je, kuna mmoja wetu atakayeuona ufa akasema, "Reli hii hailalamiki, acha tungoje mwisho wa mwezi"? Hakuna. Angefukuzwa kazi, na ingekuwa haki. Lakini ufa wa nyumbani kwake mwenyewe atauambia ungoje.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu wa matiti, ukuta wenyewe huwa haujengeki tena.

Mimi si daktari. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa wauguzi wa hospitali na katika vitabu vya afya walivyotupa, na Bibi mwuguzi aliyekaa pale mbele ameniahidi atanisahihisha nikikosea.

Saratani, au kansa kama wengi tuiitavyo, ni chembe za mwili zinazokua ovyo bila kutii amri. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kupita saratani nyingine zote duniani. Shirika la Afya la Dunia limesema kwamba katika mwaka wa 2022 wanawake milioni 2.3 waliambiwa wanao ugonjwa huu, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Hapa Kenya wagonjwa wapya ni zaidi ya 6,000 kila mwaka. Na wanaume msicheke: katika kila wagonjwa 200, mmoja au wawili ni wanaume. Nasi tuna matiti, ijapokuwa madogo.

Ugonjwa huu ukionekana mapema hutibika, na wengi hupona wakaishi miaka mingi. Ukionekana umechelewa, dawa ni nyingi, gharama ni kubwa, na matumaini ni machache. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni miezi tu.

Dalili zake ni hizi. Uvimbe au kijiwe ndani ya titi au kwapani. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani. Majimaji au damu kutoka katika chuchu wakati mwanamke hanyonyeshi. Titi moja kubadilika ukubwa au umbo. Wekundu au kidonda kwenye chuchu kisichopona. Na shikeni sana neno hili: mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu yo yote. Sisi tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Jino likituuma twaenda mbio. Huu haupimwi hivyo.

Tena msitishike kupita kiasi. Wauguzi wanasema kwamba vijiwe vingi vinavyoonekana katika matiti si saratani kabisa. Lakini kwa mkono hatuwezi kutofautisha, wala kwa macho, wala kwa kuuliza jirani. Kipimo ndicho kinachotofautisha.

Kila mwanamke na aijue hali ya matiti yake. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, asimame mbele ya kioo, ajitazame mikono ikiwa chini na ikiwa juu. Kisha alale chali, apapase titi zima na kwapa kwa bapa la vidole vitatu, polepole, kama tunavyopapasa gurudumu. Aliyekwisha koma hedhi achague tarehe moja, hata ikiwa siku ya mshahara, asiisahau. Kujipapasa huko hakutoshi peke yake. Aende pia akapimwe na mwuguzi, na akifika miaka 40 aulize habari za kupigwa picha ya matiti. Na ambaye mama yake au dada yake alipata ugonjwa huu, aseme hivyo mapema kwa daktari, maana kwake hatari ni zaidi. Binti za dada yangu wamekwisha ambiwa.

Sasa niondoe maneno fulani yanayotembea hapa kwetu. Wengine wanasema ni uchawi. Si uchawi. Wengine wanasema unaambukiza, hata wakamtengea mgonjwa kikombe chake. Hauambukizi. Wengine wanasema daktari akichoma sindano kutoa kipande cha nyama cha kupimwa, ugonjwa utaamka na kutapakaa. Neno hilo limewaua wengi. Kipimo kile ndicho kinachoonyesha ni ugonjwa gani na dawa gani itafaa. Wengine tena wanasema mwanamke aliyepata ameadhibiwa kwa mwenendo wake. Hiyo ni dhambi ya mwenye kusema! Madaktari wanasema kwamba karibu nusu ya wanaopata hawana sababu yo yote inayojulikana, ila kwamba ni wanawake na umri umesogea. Yako mambo yanayoongeza hatari, kama pombe na unene mwingi, na kunyonyesha watoto hupunguza. Lakini hakuna mtu awezaye kumwangalia mgonjwa akamwambia, "Wewe ulijitakia."

Na haya ndilo jambo linaloua kimya kimya. Nitawapa mfano wa mbali. Mwezi wa Septemba 1974, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alionekana ana saratani ya titi, akakatwa. Siku zile hata kule kwao watu wengi hawakulitamka jambo hili hadharani. Yeye hakuficha; aliruhusu habari itangazwe katika magazeti, na wanawake wengi sana wa nchi ile wakaenda kupimwa kwa kusikia habari zake. Bibi huyo aliishi mpaka mwaka wa 2011, akafa akiwa na miaka 93. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 37 baada ya ugonjwa. Baadaye, mwaka wa 1985, kulekule Marekani, ukaanza mwezi huu wa Oktoba wa kuwakumbusha watu habari za saratani ya matiti, na utepe wa rangi ya waridi ukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hata hapa Voi utawaona watu na tepe zao.

Utepe ni mzuri, siukatai. Lakini utepe haupandi matatu kwenda hospitali. Ndipo nafika kwenye kashata.

Mwaka uliofuata baada ya maziko, nilikwenda kwa Mtunza Hazina nikamwambia habari ya dada. Nikamwuliza, kama dada angalikuwa na nauli ya kwenda na kurudi na pesa kidogo ya kipimo siku ile ile, je, angalingoja miezi kumi na minne? Yeye akaniuliza, "Dada yako alikuwa anafanya kazi gani?" Nikasema, anauza kashata. Akasema, "Basi tutauza kashata." Ndivyo ilivyoanza, hakuna hekima nyingine.

Nyumba zetu hazina oveni, wala hatukuihitaji. Kwa kashata watosha na jiko la makaa, sufuria nzito, mwiko na sinia. Kwa faida ya matawi mengine watakaosoma, nitaeleza namna tatu tunazotengeneza.

Ya kwanza ni kashata ya njugu, ndiyo ya dada yangu. Chukua kilo moja ya njugu, zikaange kavu polepole mpaka zinukie, zisugue maganda yatoke, uzipepete kwa ungo. Paka sinia mafuta kabla ya kuanza, usingoje. Weka sukari nusu kilo katika sufuria bila maji, juu ya moto mdogo, ukoroge mpaka iyeyuke yote na kuwa rangi ya chai ya rangi. Ikizidi hapo itakuwa chungu. Tia hiliki iliyopondwa na chumvi kidogo, mimina njugu, geuza upesi, kisha uimwage juu ya sinia na kuitandaza kwa chupa iliyopakwa mafuta. Kata vipande ingali na joto, maana ikipoa itakushinda hata kwa msumeno. Na watoto wasikae karibu. Sukari ile huunguza kupita maji ya moto.

Ya pili ni ya nazi. Kuna nazi mbili kwa mbuzi. Chemsha sukari vikombe viwili na maji nusu kikombe mpaka ivute nyuzi kati ya vidole viwili, tia nazi na hiliki, koroga bila kuacha mpaka yote iachane na sufuria. Tandaza, kata. Nazi hutoka Mombasa, na wenzetu wa huko hutuletea kwa bei nafuu, Mungu awabariki.

Ya tatu haitaki moto ila wa kukaangia njugu. Toa kokwa za tende nusu kilo, zitwange kinuni, changanya na njugu zilizokaangwa na kupondwa nusunusu, finyanga vidonge kama ndimu ndogo, uvigaagaze katika simsim au nazi iliyokunwa. Hii ndiyo wazee wasio na meno wanayoipenda.

Hesabu yetu ni hii, nayo imebandikwa ukutani. Sinia moja la njugu: njugu shilingi 260, sukari 80, hiliki 20, makaa 40, jumla shilingi 400. Tunapata vipande 70, twauza shilingi 10 kila kimoja, ndiyo shilingi 700. Faida shilingi 300. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Lakini masinia sita katika siku moja ya mshahara ni shilingi 1,800, na hiyo ni nauli ya watu.

Kila kipande hufungwa katika karatasi, na karatasi zile zinapigwa na mashine hii hii ya jarida letu. Zimeandikwa hivi: "Umejikagua mwezi huu? Uvimbe usiouma usingojwe." Mtu anakula kashata, anasoma. Wapo waume waliozipeleka karatasi nyumbani na kuziacha mezani bila kusema neno, kwa sababu kinywa kiliwashinda. Hata hivyo ni vyema.

Nami naomba jambo hili lieleweke wazi: kashata si dawa. Hazizuii saratani wala haziiponyi, na sukari nyingi si nzuri kwa mwili wa mtu. Kula kimoja, kingine mpelekee jirani. Yule mtu anayepita sokoni akiuza mizizi ya kuyeyusha uvimbe, anawala watu pesa zao na wakati wao, na wakati ndio ghali zaidi.

Fedha za mkebe zina sheria. Hazitumiki kwa soda za mkutano wala kwa rambirambi. Zinatumika kwa nauli ya kwenda kupimwa na kwa sehemu ya kipimo ambacho bima haikulipa. Mkebe una kufuli mbili, funguo ziko kwa watu wawili, na hesabu husomwa kwa sauti kila mwezi. Anayeomba haombi mbele ya watu. Anamwambia Mtunza Hazina au mwuguzi, na jina lake halisomwi.

Tangu tulipoanza, wanawake kumi na mmoja wamekwenda kwa nauli ya mkebe. Kumi walikutwa hawana saratani. Mmoja wao alirudi akilia kwa furaha, akatulipa kwa kupika masinia mawili. Wa kumi na mmoja alikutwa nayo, ingali ndogo. Amekatwa, amechomwa kwa miale, sasa anameza vidonge kila siku, na ameambiwa atavimeza kwa miaka. Amenipa ruhusa kusema hayo, akanikataza kutaja jina. Lakini nitawaambia kwamba kashata mliyokula leo mlangoni, mikono yake imo.

Sasa nalijibu lile swali: chama kinahusika nini? Kinahusika kwa mambo mawili.

Kwanza, wanawake wamo kazini pamoja nasi, nao ni wanachama. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema kwamba mfanyi kazi aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki ya kupumzika kwa ugonjwa siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kiasi cha chini. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kutoa zaidi, basi someni mapatano yenu. Na likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi. Kwa hiyo mwanachama akiambiwa na msimamizi kwamba akienda hospitali asirudi, asilie nyumbani. Aje ofisini kwa Karani siku hiyo hiyo. Na mume anayetaka siku moja ya likizo yake ampeleke mkewe kupimwa, aiombe bila kuona haya. Siku za kwenda matangani twaziomba bila haya. Tuombe na siku ya kuzuia tanga.

Pili, sote tunakatwa pesa. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondolewa, ikaja SHA, nayo hukata asilimia 2.75 ya mshahara wetu. Wako kati yetu wanaokatwa kila mwezi, lakini majina ya wake zao na watoto wao hayajaandikwa. Hiyo ni kulipa nauli na kutembea kwa miguu. Karani amekubali kukaa hapa kila Jumamosi asubuhi kumsaidia ye yote kuandikisha jamaa yake kwa simu. Njooni na vitambulisho. Msingoje siku ya kuugua.

Na mtu akikutwa na ugonjwa, asiachwe katikati. Shirika la Afya la Dunia linataka mgonjwa ajue hakika ya ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu alipofika kwa daktari mara ya kwanza, na akianza matibabu ayamalize. Wengi wetu huanza, nauli ikiisha huacha. Matibabu ya saratani yanapatikana Hospitali Kuu ya Pwani huko Mombasa, Hospitali ya Kenyatta Nairobi, na Hospitali ya Moi Eldoret. Yote ni safari kwa mtu wa Voi. Hapo mkebe wetu ni mdogo, nami naleta pendekezo mbele yako, Bwana Mwenyekiti, kwamba nauli ya mgonjwa aliyekwisha anza matibabu nayo iingizwe katika sheria ya mkebe, na kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi juu ya kashata atakazonunua. Shilingi 20 ni vipande viwili.

Nimekaribia kumaliza. Nawaomba mambo matatu mkitoka hapa. La kwanza, leo usiku kila mume amwulize mkewe, kwa adabu, mlango ukiwa umefungwa, "Umejikagua?" Na asiye na mke amwulize mama yake au dada yake. La pili, mkiambiwa kuna kijiwe, msiseme lile neno nililosema mimi. Semeni, "Tunakwenda kesho." Nauli ikikosekana, mlango wa Mtunza Hazina mwaujua. La tatu, mama zetu, mkituona sisi wanaume tunaona haya, msitungoje sisi. Nendeni wawili wawili, mrudi mtuambie.

Dada yangu aliniacha na vitu vitatu: sufuria, mwiko, na sinia lake la bati lililobonyea upande mmoja. Liko pale mezani, ndilo lenye kashata za njugu. Hakupata mtu wa kumwambia twende kesho. Sisi tuko wengi hapa, na kila mmoja wetu anaweza kuwa mtu huyo kwa mwenziwe. Hiyo ndiyo maana ya umoja ninayoijua mimi.

 

(Pendekezo la shilingi 20 lilipigiwa kura likapita. Masinia yote yalikwisha kabla ya mkutano kufungwa.)